Meli ya Mafuta Nayo Ipewe Haki Yake

Washairi wetu wa pwani tumeisifu jahazi mpaka matanga yake yamechakaa. Tumeimba kusi na kaskazi, tumeimba na mtepe ambao vijana wetu hawakuudiriki. Si vibaya. Lakini kiko chombo kinachotufaa hadi leo, na ni shida kumpata aliyekitungia walau ubeti mmoja: meli ndogo ya mafuta.

Sisi wa Mombasa pengine tuna udhuru. Kwetu mafuta huja Kipevu kwa meli kubwa, na tangu 1978 bomba huyapeleka Nairobi. Visiwani mambo si hayo. Petroli, dizeli na mafuta ya taa yanayotumika Unguja na Pemba hayana njia ila ya maji. Kwa miaka mingi Ukombozi, meli ya Serikali ya Zanzibar, ilikuwa katika kazi hiyo. Mwaka 2020 ikaja Ukombozi II, iliyoundwa China, yenye kubeba tani 3,500 hivi.

Aliye nchi kavu hudhani kazi yenyewe ni kujaza na kumwaga. La hasha! Tumbo la meli hiyo limegawanywa vyumba vyumba, maana mafuta yakiachwa yakichezacheza mahali pamoja, chombo huweza kulala ubavu. Baharia hupima kila chumba kabla ya kupakia na baada yake, huchunga mipira isivuje, hukesha penye pampu. Kiberiti na sigara ni marufuku sitahani. Wala hatari haiishi mafuta yakishateremshwa. Wahenga walisema chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba. Tangi tupu hubaki na mvuke wa petroli, na mvuke huo ukichanganyika na hewa, cheche moja yatosha kuuripua. Tupu huogopwa kuliko lililojaa.

Na faida yake? Mpaka waya wa umeme kutoka Tanga ulipofika Pemba mwaka 2010, taa za kisiwa kile ziliwaka kwa dizeli. Aliyesali tarawehe chini ya taa hizo alikuwa na deni kwa mabaharia asiowajua. Unguja nako, waya wa baharini ulipoharibika Desemba 2009, umeme ulikatika karibu miezi mitatu, na waliokuwa na jenereta waliziwasha kwa mafuta yaliyovushwa baharini.

Watasema meli hiyo haina uzuri, ni chuma na harufu tu. Lakini Qur'ani Tukufu imezitaja merikebu miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu kwa ajili ya manufaa yake kwa watu. Haikushurutisha tanga.

Nami nahofia jambo jingine. Lugha yetu ina jina la kila kamba ya jahazi: hii henza, ile demani. Kijana wa leo anayeingia meli ya mafuta, kazi yake huieleza nusu kwa Kiingereza, kwa kuwa sisi wenye lugha hatukumfuata huko. Baba yake aliimbwa, yeye hana hata maneno.

Basi, ndugu zangu watunzi, tushukeni bandarini. Tuketi na serahangi na mafundi wa mitambo, tuwaulize kila kitu wao wenyewe wanakiitaje, kisha tuyatie majina hayo katika mashairi. Tukichelewa, watoto wetu watakuwa mabaharia wasio na lugha ya bahari.