Asumini Isiwe ya Kununua Tu

Siku hizi bibi arusi wa Mwambao aweza kuketishwa ukumbini amezungukwa na maua ya plastiki, na wageni wakasifu. Sisi hatusifu. Plastiki hainukii, na arusi ya Kiswahili bila harufu ya asumini ni sawa na pilau isiyotiwa bizari.

Sababu twaijua. Nyumba za zamani zilikuwa na ua wa ndani, maghorofa ya leo hayana, na wengi hununua kikuba kilichofungwa tayari. Muuzaji na apate riziki yake, hatuna ugomvi naye. Lakini asumini haihitaji shamba. Debe moja lililotobolewa chini, likawekwa roshanini au juu ya dari panapopata jua saa sita hivi kwa siku, latosha kabisa.

Wapo wasemao kwamba ua hili si letu, ni la Bara Hindi. Ni kweli asili yake ni huko. Wafilipino nao waliletewa, na mwaka 1934 wakalifanya ua la taifa lao!

Kupanda si kazi. Kata kijiti cha urefu wa shubiri, kisichokomaa sana, chenye vifundo vitatu au vinne. Ondoa majani ya chini, kichomeke katika mchanga wenye unyevu na ukiweke kivulini. Baada ya mwezi mmoja au zaidi kitakuwa kimeshika mizizi. Hapo kihamishie kwenye udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri.

Yanayowashinda watu ni mambo mawili. Kwanza ni maji. Visima vingi vya Mombasa na Lamu vina chumvi, na asumini ikinyweshwa chumvi majani huungua ncha. Afadhali kukinga maji ya mvua. La pili ni huruma. Mtu auona mmea umestawi, akaogopa kuupogoa, kisha alalamika kwamba hauchanui. Asumini hutoa maua kwenye machipukizi mapya. Kila duru ya maua ikisha, matawi yakatwe bila kuonewa haya, la sivyo utafuga kichaka cha majani matupu.

Matumba huchumwa alasiri, yangali yamefumba, yakafungwa kikuba pamoja na mrehani. Usiku yatafumbuka yenyewe, nyweleni mwa mwenyewe.