Ubingwa wa 2016 uliamuliwa uwanjani

Mjadala wa mashabiki kuhusu fainali ya ligi ya mpira wa kikapu ya NBA ya mwaka 2016, yaani mfululizo wa michezo isiyozidi saba ambao bingwa wake ni timu inayotangulia kushinda minne, huelemea mno adhabu ya Draymond Green, aliyekosa mchezo wa tano kwa sababu ya kulimbikiza faulo za hatari katika hatua ya mtoano. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa timu yake, Golden State Warriors, ilikuwa ikiongoza kwa michezo 3 dhidi ya 1, lakini haielezi mchezo wa saba, uliofanyika Oakland tarehe 19 Juni, ambapo Green alicheza na kufunga pointi 32, nyingi kuliko za mchezaji mwingine yeyote.

Kilichoamua ubingwa ni ulinzi: matokeo yalipofika 89 kwa 89, hakuna timu iliyofunga kwa zaidi ya dakika tatu, na katika muda huo LeBron James wa Cleveland Cavaliers alimfukuzia Andre Iguodala wa Warriors kutoka nyuma akauzuia mpira usiingie kikapuni, kisha mwenzake Kyrie Irving akafunga mtupo wa pointi tatu, yaani ule unaorushwa kutoka nje ya tao, zikiwa zimesalia sekunde 53. Cleveland Cavaliers walishinda 93 kwa 89, wakawa timu ya kwanza kutwaa ubingwa huo baada ya kuwa nyuma kwa 3 dhidi ya 1. Heshima hiyo ni haki yao kamili.