Mchakamchaka si kupoteza muda wa masomo

Mzazi, kama ulisoma shule ya msingi miaka ya nyuma, bila shaka unakumbuka mchakamchaka: mko kwenye mistari, mmoja anaanzisha wimbo, wengine mnaitikia huku mnakimbia. Leo katika shule nyingi, hasa za mijini, muda ule umemezwa na masomo ya ziada. Mtoto anashuka kwenye basi la shule alikokaa muda mrefu, anaingia darasani kukaa tena, kisha unaitwa kuambiwa hatulii.

Kutulia ni kazi ya ubongo. Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayomsaidia mtoto kumeza jibu mpaka aulizwe, au kuacha kumchokoza jirani yake. Sehemu hiyo huchelewa kukomaa, hivyo kumgombeza peke yake hakutoshi.

Mwaka 2009, Charles Hillman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichapisha utafiti wa watoto 20 wenye umri wa miaka tisa hivi. Siku moja watoto walipumzika tu, siku nyingine walitembea dakika 20 kwenye mashine ya mazoezi. Kisha walipewa zoezi la kutazama alama ya katikati na kupuuza za pembeni. Baada ya kutembea makosa yao yalipungua, na hata kusoma kwa kuelewa kulikuwa bora. Watoto 20 ni wachache, kweli. Lakini mwaka 2014 watafiti hao walitoa matokeo ya watoto zaidi ya 200: waliofanya mazoezi baada ya shule kwa miezi tisa waliongeza uwezo wa kujizuia kuliko wenzao.

Zingatia kwamba wale wa kwanza walitembea tu. Hakuna aliyekimbizwa hadi kutapika. Mwalimu anayewazungusha uwanja waliochelewa, tena juani, hatoi mazoezi, anatoa adhabu, na mtoto atajifunza kuyachukia.

Mtoto wako akiwa na selimundu, mwambie mwalimu mapema, ikiwezekana kwa maandishi: asilazimishwe kukimbia kwa nguvu, anywe maji, apumzike akichoka. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta karibu. Na wote wapate angalau uji kabla ya kutoka nyumbani.

Usikubali pia mtoto aamshwe mapema zaidi kwa ajili ya mazoezi. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12, na mtoto mwenye usingizi hatulii hata akimbie vipi. Kama ametimiza miezi sita hatulii shuleni wala nyumbani, mpeleke hospitali akachunguzwe.

Kwenye kikao kijacho cha wazazi, ratiba ikisomwa, uliza dakika 20 za mchakamchaka zitatolewa kwenye kipindi gani. Mimi ningeanza na masomo ya ziada ya alfajiri.