TUSI AU APIZO? HISTORIA ILIYOMO KATIKA MAKEMEO YA WAHAKKA

Tangu Taasisi ya Confucius ifunguliwe katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, wanafunzi wengi wa lugha nchini Kenya wamezoea kusema "Kichina" kana kwamba ni lugha moja tu. Kinachofundishwa humo ni Kimandarini, lugha rasmi ya dola. Kando yake zipo lugha nyingine zenye wasemaji mamilioni, na mojawapo ni Kihakka, ambacho makao yake ni nchi ya milima iliyoko mashariki mwa Guangdong, magharibi mwa Fujian na kusini mwa Jiangxi. Lugha hiyo imevuka bahari pia: inasemwa Taiwan, Malaysia, Indonesia, na imefika hata kisiwa cha Morisi katika Bahari ya Hindi.

Wapenzi wa fasihi simulizi ya Wahakka huvutiwa kwanza na nyimbo zao za milimani, kisha methali. Makemeo huachwa nyuma kwa kuonewa haya. Makala haya yanashikilia kuwa haya hiyo haina msingi, na kwamba inatokana na kosa la uainishaji. Maneno hayo huitwa matusi, ilhali mengi yake ni maapizo. Tusi humwambia mtu jinsi alivyo. Apizo humtakia baya litakalompata. Anayetaka kumwapiza mwenziwe hana budi kuchagua baya ambalo wote wanaliogopa, na kwa hiyo orodha ya maapizo ya jamii yoyote ni orodha ya hofu zake.

Mathalani, neno linalosikika mno ni ton-miang, yaani "maisha mafupi". Anayeitwa hivyo anaambiwa kuwa hatafika uzeeni. Zito kuliko hilo ni cham-theu, "kukatwa kichwa". Msomaji wa leo anaweza kudhani kuwa uzito wake unatokana na maumivu ya upanga. Sivyo. Katika sheria za enzi ya Qing, iliyotawala China tangu 1644 hadi 1912, kunyongwa kulihesabiwa kuwa adhabu nyepesi kuliko kukatwa kichwa, ingawa anayenyongwa huteseka kwa muda mrefu zaidi. Sababu ni kwamba aliyenyongwa huzikwa akiwa mzima. Mafundisho ya Confucius yanasisitiza kuwa mwili, nywele na ngozi ni amana ya wazazi, na mtoto mwema hairudishi amana hiyo ikiwa imevunjika. Apizo hilo, basi, linamtakia mtu zaidi ya kifo: linamtakia afike mbele ya wahenga wake akiwa na deni.

Kilele cha maapizo haya yamkini ni chhiet-thoi, "kukatikiwa na kizazi". Kijuujuu neno hili halina damu wala upanga, na mgeni asingeshtuka kulisikia. Lakini katika imani ya Wahakka, kama ilivyo kwa Wachina wengi, marehemu huendelea kutegemea walio hai: humfukizia ubani, humwandalia chakula, humsafishia kaburi. Asiye na uzao hana wa kumfanyia hayo, naye huwa mzimu wenye njaa unaotangatanga. Anayemtamkia jirani chhiet-thoi hamwapizi yeye peke yake. Anawalaza njaa baba yake, babu yake na wote waliomtangulia. Hapana ajabu kwamba neno ambalo halina lugha chafu hata kidogo liliweza kuzua uhasama baina ya nyumba mbili.

Maapizo mengine yanaonyesha tarehe zake waziwazi. Fat-vun, "kupatwa na tauni", husemwa juu ya kuku wanaokufa kwa kideri, kisha juu ya mtu. Ta-pa-kui ni la karibuni zaidi. Ta-pa ni kulenga shabaha kwa bunduki, na kui ni mzimu. Anayeitwa hivyo ni maiti mtarajiwa wa kikosi cha wapiga risasi. Wakantoni nao wanalitumia neno ta-pa kwa maana hiyo ya kuuawa kwa kupigwa risasi. Serikali ilipobadili silaha ya kuulia wahalifu, wakemeaji nao wakaongeza neno jipya bila kulitupa la upanga. Anayedai kwamba lugha ya jadi ni kitu kilichokwisha kuganda aanzie hapo.

Yapo makemeo ambayo si maapizo, na kati ya hayo lan-sii-ma linastahili kuangaliwa na wanafunzi wa mofolojia. Lan-sii ni "mvivu", na maandishi yake husomeka kama "maiti mvivu". Kiambishi -ma huashiria jike, kama katika neno la kuku jike, lakini hupachikwa pia kwenye majina ya vitu kama kofia ya jua na upawa. Mwanamke anayetajwa kwa kiambishi hicho anawekwa karibu na kuku na vyombo, takriban kama Kiswahili kinavyomtoa mtu katika ngeli yake na kumfanya jitu au kijitu. Ukali wake una sababu ya kihistoria. Wanawake wa Kihakka hawakufungwa nyayo kama wanawake wa jamii nyingi jirani. Walilima, walibeba mizigo, na waliendesha nyumba wanaume wao walipokwenda ng'ambo kutafuta riziki. Mahali ambapo kazi ya mwanamke ndiyo iliyosimamisha ukoo, kumwita mvivu hakukuwa mzaha.

Wahakka wenyewe walitukanwa pia, tena kwa wino. Jina lao lina maana ya "familia za wageni". Katika vita vyao na wenyeji wa Guangdong, vya 1855 hadi 1867, baadhi ya waandishi wa upande wa pili waliiandika herufi ya "mgeni" kwa kuiongezea alama ya mbwa. Mwanafunzi wa Kiswahili hatashangaa sana. Katika karne ya 19 neno mjinga lilimtaja pia mgeni, hasa mtumwa aliyeletwa pwani karibuni ambaye hajajua lugha wala desturi.

Hapa ndipo penye hatari. Tarehe 28 Desemba 1988 Wahakka wa Taiwan waliandamana mjini Taipei kudai warudishiwe lugha yao, baada ya miongo ya watoto kuadhibiwa shuleni kwa kuisema. Mwaka 2001 lugha za nyumbani zilianza kufundishwa rasmi katika shule za msingi kisiwani humo. Ni ushindi mkubwa. Hata hivyo, lugha inayoingia darasani huingia imevaa nguo za sikukuu: maamkizi, majina ya matunda, nyimbo. Mwanafunzi aliyefuzu masomo hayo anaweza kumwamkia bibi yake kwa ufasaha, kisha asielewe ni kwa nini bibi huyo, akimwona mjukuu juu ya tawi bovu, anamwita ton-miang huku ameinua mikono yote miwili kumdaka.