Glock ni Probox ya bastola, lakini haina msamaha

Kama umekulia kwenye rap na gemu za video, jina Glock ulilijua kabla hujajua bastola ina sehemu ngapi. Liko kwenye mistari ya marapa wa Marekani tangu miaka ya tisini. Kuna hadi msanii wa Memphis anayejiita Key Glock. Ukicheza Counter-Strike upande wa magaidi, unaanza gemu ukiwa nayo mkononi bila kulipa chochote.

Lakini ukiwafuatilia watu wanaolenga shabaha kwa kazi au kwa mchezo, utagundua kitu. Wengine wanaiapia Glock kama vile wameioa. Wengine hata wakipewa ya bure wataiuza siku hiyo hiyo. Mwanzoni nilidhani ni ubishi wa mashabiki tu, kama ule wa Arsenal na Man U. Kumbe chini yake kuna swali zito ambalo linatugusa hata sisi ambao huenda tusiwahi kushika bastola maishani: usalama unafaa ukae wapi, kwenye kifaa ama kwenye kichwa cha anayekitumia?

Mimi niko na msimamo, na nitautoa. Lakini tucheki kwanza hii kitu ilitoka wapi, juu bila hiyo hutaelewa wanachobishania.

Gaston Glock alikuwa fundi wa Austria aliyekuwa na kiwanda kidogo karibu na jiji la Vienna. Alitengeneza vyuma vya kuning'inizia mapazia, na baadaye visu vya jeshi. Hakuwa mtu wa bunduki. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, jeshi la Austria lilikuwa likitafuta bastola ya kuchukua nafasi ya Walther P38, ya enzi za Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Jamaa akaingia kwenye shindano hilo na kuwapiku wenye majina makubwa. Mwaka wa 1982 jeshi likaichukua Glock 17. Wengi hudhani imeitwa hivyo kwa sababu magazini yake inabeba risasi 17. La. Ilikuwa hataza yake ya 17.

Kilichoshtua watu ni mwili wake. Sehemu ya chini, pamoja na mpini, ni ya polima, yaani plastiki ngumu. Wajerumani wa Heckler & Koch walikuwa wameshajaribu hivyo mwaka wa 1970 na bastola yao ya VP70, lakini haikushika soko. Ya Glock ikashika. Ile ya saizi kamili ina uzito wa gramu 630 hivi bila magazini. Beretta 92 ya jeshi la Marekani ilikuwa karibu gramu 950, na ile 1911 ya mzee John Browning inapita kilo moja. Kwa polisi anayetembea nayo kiunoni kutwa nzima, hiyo tofauti mgongo unaisikia.

Na hapa tuzike uongo mmoja. Filamu ya Die Hard 2 ya mwaka wa 1990 iliwaambia watu kuna Glock ya kauri isiyoonekana kwenye mashine za ukaguzi za uwanja wa ndege. Hakuna kitu kama hicho. Mtutu ni chuma, sehemu yote ya juu ni chuma, na risasi zenyewe ni chuma. Mashine itaiona vizuri sana.

Sasa, kwa nini wanaoipenda wanaipenda? Mimi naweza kujibu kwa neno moja: Probox.

Hakuna aliyewahi kuweka picha ya Probox ukutani. Ni gari lenye sura ya sanduku. Lakini muulize mtu wa miraa, muulize anayebeba mboga usiku akielekea Marikiti, muulize muuza mayai. Inawaka kila asubuhi, spea ziko kila kona, na fundi yeyote anaifungua akiwa amefumba macho. Glock ndiyo hiyo. Ina sehemu takriban 34 tu. Imepigwa vumbi, matope na maji, na bado inafyatua. Ukijua kutumia moja, umejua zote.

Zaidi ya hayo, haina kitufe cha sefti cha nje. Bastola nyingi za zamani zina kile kichuma pembeni ambacho lazima ukishushe kwa kidole gumba kabla ya kufyatua. Glock haina. Ina sefti tatu ambazo zinajiachia zenyewe ukivuta triga: moja ni kijiulimi kidogo kwenye triga yenyewe, mbili ziko ndani na kazi yake ni kuzuia bastola isijifyatue ikianguka. Mashabiki wanakwambia hivi: mtu akikukimbilia na kisu, mikono inatetemeka, moyo unapiga kama ngoma, utakumbuka kushusha kitufe? Chomoa, lenga, vuta. Basi. Na triga inavutika vile vile kuanzia risasi ya kwanza hadi ya mwisho.

Hoja hiyo ilipata nguvu Marekani kwa sababu ya damu. Tarehe 11 Aprili 1986 huko Miami, maafisa wa FBI walikabiliana kwa risasi na majambazi wawili. Maafisa wawili waliuawa na wengine watano wakajeruhiwa. Wengi wao walikuwa na rivolva, zile za risasi sita hivi, na kuzijaza tena katikati ya vita ni kazi. Baada ya hapo, polisi nchi nzima walitaka bastola za risasi nyingi, na Glock ilikuwa pale pale, nyepesi, rahisi kufundisha na ya bei nafuu.

Upande wa pili nao wana yao. Kuna malalamiko madogo ambayo sitakaa nayo sana. Mpini umeinama kwa pembe ambayo waliozoea 1911 wanasema inawafanya walenge juu kidogo. Wenye viganja vidogo, wakiwemo wanawake wengi, walilalamika kwamba ni kama kushika tofali, hadi kampuni ikaleta migongo ya kubadilisha kwenye toleo la nne mwaka wa 2010. Toleo la tatu lilikuwa na mabonde ya vidole ambayo vidole vya wengi vilikataa kuingia, na toleo la tano la 2017 likayaondoa. Alama za kulengea ni za plastiki. Halafu kuna wale wanaosema tu haina roho: 1911 unamrithisha mjukuu, Glock unamrithisha nani? Hayo ni mambo ya ladha. Kila mtu na yake.

Lalamiko zito ni lile la triga. Zile sefti tatu zote zinaachia triga ikivutwa. Glock haijui ni nani au ni nini kimeivuta. Iwe ni kidole kilichokusudia, kidole kilichoshtuka, ama kamba ya jaketi iliyonasa ukirudisha bastola kwenye ala yake, kwake ni amri moja. Na kuna hili: ukitaka kuifungua uisafishe, lazima kwanza uvute triga. Ukisahau risasi moja imebaki ndani, umeipiga. Ukuta, mguu, mtoto aliye chumba cha pili. Washindani kama SIG P320 walitengeneza zao zifunguke bila hatua hiyo.

Na si nadharia. Polisi wa Washington DC walihamia Glock mwishoni mwa miaka ya themanini. Mwaka wa 1998 gazeti la Washington Post lilichunguza na kupata kwamba katika miaka kama kumi hivi, bastola hizo zilikuwa zimefyatuka kwa bahati mbaya zaidi ya mara 120. Mafunzo yalikuwa duni, na polisi wengi wapya walikuwa wameingizwa barabarani kwa haraka. Wapenzi wa Glock wanasema: si umeona, shida ni mafunzo. Wasioipenda wanajibu: ndio, na mafunzo duni ndiyo hali ya kawaida ya dunia.

Jiji la New York liliamua kutowaamini polisi wake kabisa. Triga ya kawaida ya Glock inahitaji nguvu ya kilo 2.5 hivi. Wao wakataka yenye uzito zaidi ya maradufu, kama kilo 5.4, karibu na zile za rivolva za zamani. Kufyatua bila kukusudia kukawa kugumu. Lakini kulenga nako kukawa kugumu, kwa sababu ukivuta kwa nguvu mkono unayumba, na risasi inayokosa mhalifu inaenda mahali fulani.

Mkenya yeyote anaijua hiyo hadithi. Sheria za Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka wa 2004, matatu zilitiwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Serikali ilikuwa inasema: hatumwamini dereva, acha tuamini chuma. Tukapumua kidogo. Halafu tukaona tena matatu zikipaa kwenye barabara kuu. Chuma kinasaidia, lakini kichwa kibovu hutafuta njia ya kukizunguka. Na kichwa kizuri bila chuma nacho, siku moja kimechoka, kimesinzia.

Kwa hivyo mimi niko wapi? Niko na wasioipenda, kwa sababu ya hiyo siku moja ya kuchoka. Nakubali Glock ni mashine safi. Kwa mtu anayefanya mazoezi kila wiki, ambaye kidole chake kinakaa nje ya triga hata akiwa usingizini, kitufe cha ziada ni usumbufu. Lakini watu wa aina hiyo ni wachache, na ndio wanaosikika zaidi kwenye video za mtandaoni. Wanatusifia kifaa kwa mikono yao, halafu kinaishia kwenye mikono ya polisi aliyefyatua risasi chache chuoni na hajarudi uwanjani tangu hapo. Urahisi wa kutumia na urahisi wa kukosea ni mlango ule ule.

Na mtengenezaji anajua. Jeshi la Marekani lilipotafuta bastola mpya na kuweka sharti la kitufe cha sefti, Glock ilipeleka bastola yenye kitufe. SIG ndiyo iliyoshinda mwezi Januari 2017, lakini hoja ni kwamba kitufe kinawezekana. Mnunuzi mwenye sauti akikidai, kinawekwa.

Sasa nirudi kwetu, wenye masikio yaliyojaa rap. Picha tunayouziwa ni ya jamaa ameinua fulana, Glock imechomekwa kwenye suruali, hakuna ala, hakuna chochote. Katika bastola zote duniani, hii ndiyo usiyofaa kubeba hivyo. Muulize Plaxico Burress. Februari 2008 alidaka mpira uliowapa New York Giants ubingwa wa Super Bowl. Novemba mwaka huo huo akaingia klabu Manhattan na Glock yenye risasi, isiyo na leseni jijini humo, imechomekwa kwenye suruali ya mazoezi. Ikateleza, ikafyatuka, ikamtoboa paja. Alihukumiwa miaka miwili jela. Staa wa kandanda ya Marekani, pesa ziko, jina liko, na hakuna aliyemshambulia. Alijiangusha mwenyewe na kifaa ambacho hakisamehi.

Na huyo alikuwa na mawakili. Msee wa mtaa wetu akipatikana na bastola bila cheti, sote tunajua hadithi inavyoishia, na mara nyingi haifiki hata kortini.

Sisemi usisikize muziki wako. Mimi pia nasikiza, tena kwa sauti. Ninachosema ni kwamba ile Glock ya kwenye wimbo na ile halisi hazifanani. Ile halisi inadai mambo ya kuboesha: kuikagua kila unapoishika, hata kama uliikagua dakika moja iliyopita, kidole mbali na triga, ala ngumu inayofunika triga, na mazoezi ya kurudia kitu kile kile hadi uchoke. Hakuna rapa anayeimba hayo.

Kwa hivyo siku nyingine mtu akikwambia mtandaoni Glock ndiyo bora, ama Glock ni takataka, usimuulize bei wala idadi ya risasi. Muulize swali moja: ni nani ataishika siku ambayo amechoka, ameogopa, au ameudhika? Jibu likiwa ni askari wako, mlinzi wa duka lenu ama binamu yako mwenye hasira za haraka, nadhani utakubaliana nami kwamba kile kichuma cha pembeni hakikuwa ujinga wa wazee.