Hiyo Subaru inayooza nyuma ya nyumba, ipeleke chuo cha ufundi

Unaijua hiyo ndai. Iko nyuma ya nyumba ya mjomba, au kwa pakingi ya ploti, imefunikwa turubai lililopasuka. Ni Subaru Impreza WRX, au Toyota Celica, au Lancer Evolution ya mtu ambaye amekuwa akisema ataitengeneza "mwezi ujao" tangu kabla ya korona. Taya zimelala chini, paka amezalia kwa buti, na kila Desemba mwenyewe anaiangalia, anatikisa kichwa, anarudi ndani kula chapati.

Kama gari hilo ni lako, au ni la mtu anayeweza kukusikiza, nina ombi moja. Lipeleke chuo cha ufundi. Bure.

Najua unachosema. "Bure? Na maisha yalivyo?" Haya, tupige hesabu. Gari limekaa miaka hiyo yote bila kuwashwa. Petroli imeharibikia kwa tangi, mipira imekauka, panya wamekula waya. Ukitaka lirudi barabarani utalipa fundi, ununue vipuri, ulipe bima, na bado litakunywa mafuta bila huruma. Ukiwaita watu wa vyuma vikuukuu, wanalipima kwa kilo. Injini ya turbo, kwa kilo, kama viazi!

Sitakudanganya. Kuna njia ya tatu: ukizunguka Kirinyaga Road utapata mtu wa kununua turbo, na mwingine wa kununua giaboksi. Kama hiyo pesa ndiyo karo ya mtoto, uza, na hakuna atakayekulaumu. Mimi nazungumza na wewe ambaye hujauza miaka yote hii, na ukweli ni kwamba hutauza.

Halafu kuna yule kijana wa miaka kumi na tisa anayekupigia simu kila wiki akitaka umuuzie kwa bei ya kutupa. Breki zimeisha, hana pesa ya kuzibadilisha, lakini anataka kulikimbiza Thika Road saa saba usiku. Maze, hapo utakuwa umemuuzia jeneza lenye turbo.

Sasa angalia upande wa pili. Kuna vijana waliojiunga na vituo vya mafunzo ya ufundi, zile politekniki za kijijini za zamani, ambazo tangu ugatuzi uanze 2013 ziko chini ya serikali za kaunti. Vile nimewahi kuingia, utakuta mwalimu anayejua kazi, wanafunzi wenye hamu, na injini moja ya kabureta imefungwa kwa stendi. Imefunguliwa na kufungwa mara nyingi hadi nati zimekuwa mviringo.

Lakini Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane kuingia nchini. Maana yake ni kwamba magari yanayoshuka bandarini Mombasa yana kompyuta na sensa kila mahali, na kabureta hutaiona. Kwa hivyo huyu kijana anahitimu, anafungua boneti ya mteja wa kwanza, na hakuna kitu anachokitambua. Anajifunzia kwa gari lako. Ndiyo maana fundi anabadilisha sensa tatu kabla ya kufikia iliyoharibika, na zote unalipa wewe.

Kwa nini basi gari la spoti, si mkokoteni wowote? Kwa sababu limebeba masomo mengi. Chukua hiyo WRX. Silinda zake nne zimelala, mbili kila upande, tofauti na injini nyingi ambazo silinda husimama. Turbo inatumia moshi unaotoka kwa injini kuzungusha feni moja, ambayo inazungusha nyingine inayosukuma hewa ndani. Hewa hiyo inapozwa kwanza, kwa sababu hewa baridi hujaa zaidi kwa silinda. Hewa ikiongezeka, mafuta zaidi yanachomeka, na nguvu inapanda. Nguvu hiyo inagawanywa kwa magurudumu yote manne. Anayeweza kufungua hiyo kitu na kuirudisha, Vitz na Probox hazitamsumbua.

Na kuna hamu. Waliokula vumbi Naivasha tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia 2021 wananielewa. Weka gari kama hilo kwa karakana uone kama mwalimu atahitaji kuita majina asubuhi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nakumbuka tukichora pistoni ubaoni wiki tatu bila mtu kushika pistoni. Vijana wengi tunaoitwa wavivu tulichoka na chaki tu. Na hata mtihani wa NITA wa ufundi wa magari una sehemu ya vitendo. Huko hutaokolewa na mchoro.

Lakini usiende kutupa takataka ukiita msaada. Ongea kwanza na mwalimu wa magari mwenyewe, si mkuu wa chuo pekee, uulize kama ana nafasi na kama gari litamfaa. Toa petroli ya zamani. Mwambie kama mifuko ya hewa bado imo, kwa sababu ina baruti na inaweza kumlipukia mwanafunzi usoni. Maliza mambo ya logibuku kupitia NTSA. Usiache gari likizunguka na jina lako. Andikianeni kwamba ni la mafunzo, lisije likauzwa vipuri mlango wa nyuma. Tunajuana. Na lisiende mikono mitupu: seti ya spana, oili, na kama unaweza, mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

Kuna atakayesema, "Hao watoto wataliharibu." Ndiyo, wataliharibu. Watakata bolti, watasahau gasketi, watarudisha injini ibaki na nati mbili mezani. Afadhali hayo yatokee hapo, mwalimu akiwa kando, kuliko kwa matatu itakayokubeba Jumatatu asubuhi ikishuka mteremko.

Kwa hivyo wikendi hii toa turubai, mhamishe paka, piga picha za gari. Kisha tafuta kituo cha ufundi kilicho karibu na umwulize mwalimu wa magari swali moja: "Hii itakusaidia?" Akisema ndiyo, tafuta breki-dauni.