Someni Mhuri Kabla ya Kubeba Paleti

Watu wa Eastlands ni hodari, nani asiyejua? Paleti ikishateremshwa kwenye depo ya makontena ya Embakasi, haikawii kuwa kitanda Umoja, meza ya mama mboga Kayole au banda la kuku Dandora. Kazi ya mikono ina baraka za Mungu, hatuna ugomvi nayo. Linalokera ni kubeba bila kutazama. Paleti ya mbao iliyotoka ng'ambo ina mhuri ubavuni: shuke la ngano, herufi mbili za nchi, namba, kisha HT au MB. HT ni mbao iliyotiwa joto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30. MB imefukizwa kwa methili bromaidi, gesi ya sumu inayoua wadudu na kuharibu tabaka la ozoni. Halafu mtu anachomea nyama mbao hizo, au anamlaza mtoto juu yake! Kuuliza si ujinga. Hata HT haisemi lolote juu ya dawa au mafuta yaliyoimwagikia njiani. Hapo tazama doa, nusa.

Wajuaji watasema tuhamie plastiki. Kweli, haina misumari wala vibanzi, huoshwa ikatakata, tena huvuka mipaka bila mhuri huo. Kwenye dawa na nyama tuikubali. Lakini bei yake iko juu, ikishika moto huyeyuka na kudondoka huku ikiwaka, na ikipasuka fundi wa Kariobangi hana pa kupigia msumari. Husagwa na kufinyangwa upya, naam, ikifika kiwandani kabla ya kufika Mto Nairobi. Ya mbao hung'olewa ubao uliovunjika, ukapigwa mwingine, kazi ikaendelea. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wanaolilia miti wana haki, na serikali haikusimamisha ukataji mwaka 2018 kwa mchezo. Ila mti huokolewa kwa paleti moja kukarabatiwa na kutumika tena na tena. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 haina sababu ya kukimbilia plastiki nyingine kwa kila mzigo.

Na ninyi wenye maduka ya jumla, watu wa heshima, mbona mnarundika paleti tupu kwenye njia ya miguu, misumari nje, mpaka mama mwenye mtoto mgongoni ashuke barabarani kupishana na matatu? Ziondoeni leo. Mkitaka kuziuza, ng'oeni misumari kwanza, na zenye MB mzitenge, fundi asiuziwe.